Mfupa Ni Ghala: Angalia Unachotia Ndani

Mkulima, siku utakaposhuka garini pale Kitengela, kando ya barabara kuu iendayo Kajiado na Namanga, simama kidogo mbele ya bucha. Utaona nyama imetundikwa, na chini yake mwenye bucha anapasua mfupa kwa shoka juu ya gogo. Wanunuzi wengine hutazama nyama. Wewe leo utazame mfupa. Kwa nje ni mgumu kama jiwe. Kwa ndani, karibu na kiungo, una vitundu vingi kama sega la nyuki, na katikati umejaa uboho.

Watu wengi hufikiri kwamba mfupa ni kitu kisicho na uhai, kama nguzo ya boma. Nguzo ikishasimamishwa haina kazi nyingine ila kusimama mpaka ioze. Lakini mfupa wa mtu aliye hai, au wa ng'ombe aliye hai, sivyo ulivyo. Una damu ndani yake, na kila siku sehemu yake hubomolewa na sehemu nyingine hujengwa upya. Mfupa ni nguzo, na tena ni ghala. Mwili huweka humo madini ya akiba siku za neema, na huyatoa siku za njaa.

Ninyi wakulima wa skimu mnajua vizuri habari za ghala. Ukiweka mahindi makavu utakula mahindi makavu. Ukiweka mahindi mabichi yenye ukungu, ghala halitakukataza, bali litapokea tu, na miezi kadhaa baadaye watoto wako ndio watakaougua. Mfupa nao ni hivyo hivyo. Katika makala hii tutaeleza madini gani yanafaa kuingia katika ghala hilo, yapi ni sumu, na mambo gani unaweza kufanya nyumbani kwako bila kungoja mtu mwingine.

JARIBIO LA MIFUPA MIWILI

Kabla ya kuendelea, jaribu jambo hili pamoja na watoto wako. Chukua mifupa miwili ya mguu wa kuku, uisafishe. Mmoja utie katika gilasi yenye siki, uuache siku nne au tano. Wa pili utie katika moto wa makaa mpaka uwe mweupe kabisa, kisha uuache upoe.

Ule wa siki utauona umekuwa laini, nawe utaweza kuupinda kama kipande cha mpira. Siki imeyayeyusha madini yake na kuacha nyuzi tupu. Ule wa motoni bado una umbo lake, lakini ukiubana kwa vidole utavunjika kama chaki. Moto umeunguza nyuzi na kuacha madini matupu. Kwa hiyo mfupa mzuri unataka vyote viwili: nyuzi, ambazo hujengwa kwa vyakula kama maharagwe, mayai, nyama na maziwa, na madini ya kuzifanya nyuzi hizo ziwe ngumu.

MADINI YALIYO MEMA

Mkubwa wa madini hayo ni kalsiamu. Kalsiamu ni metali, ingawa hutaiona iking'aa kama sufuria, kwa sababu daima imeungana na vitu vingine. Imo katika chokaa, katika ganda la yai, na katika maziwa. Mtu mzima ana kalsiamu ya uzito wa kilo moja hivi mwilini mwake, na katika kila sehemu mia za kalsiamu hiyo, sehemu 99 zimo katika mifupa na meno.

Hiyo sehemu moja inayobaki ina kazi kubwa. Bila ya kalsiamu katika damu, moyo haupigi vizuri na misuli haikazi wala kulegea ipasavyo. Kwa sababu hiyo mwili haukubali kalsiamu ya damu ipungue. Chakula kikikosa kalsiamu, mwili huenda ghalani na kuitoa mifupani. Mama mwenye mimba humpa mtoto aliye tumboni gramu 30 hivi za kalsiamu kabla hajazaliwa, na baada ya hapo huendelea kumpa katika maziwa. Ikiwa haipati katika chakula, mwili wake utaichukua mifupani mwake.

Nyuma ya kalsiamu wako wasaidizi. Magnesiamu ni mmoja, na zaidi ya nusu ya magnesiamu ya mwili imo katika mifupa. Zinki husaidia mtoto kukua, na mtoto asiye na zinki ya kutosha hudumaa. Shaba na manganizi hutakiwa kwa kiasi kidogo sana, lakini bila yake zile nyuzi za mfupa hazishikamani vizuri. Fosforasi si metali, lakini huungana na kalsiamu kuufanya mfupa uwe mgumu.

Tena liko jua. Jua likipiga ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, na hiyo ndiyo huifungulia kalsiamu mlango wa kuingia kutoka tumboni. Kajiado haina upungufu wa jua. Lakini mtoto mchanga anayefungwa nguo nzito na kufichwa nyumbani kutwa, mwezi baada ya mwezi, aweza kupata matege katika nchi yenye jua kali kama yetu.

Hata jua peke yake halitoshi. Nchini Nigeria madaktari walichunguza watoto wenye matege waliokuwa wakipata jua lakini wakila vyakula vya nafaka na maziwa kidogo sana. Mwaka 1999 walitangaza kwamba kalsiamu iliwaponya watoto hao vizuri zaidi kuliko vitamini D peke yake. Jambo hilo linatuhusu, na tutalirudia tutakapofika kwenye chakula.

GHALA HALIMTAMBUI MWIZI

Sasa tuje kwenye madini mabaya. Mbaya kuliko yote kwa jamaa za wakulima ni risasi. Hatusemi risasi ya bunduki, bali ile metali laini na nzito inayotiwa ndani ya betri za magari na betri za umeme wa jua.

Mwilini risasi hufanana na kalsiamu. Tumbo huidhania ni kalsiamu, likaiingiza. Mfupa nao huidhania ni kalsiamu, ukaiweka. Kwa mtu mzima, zaidi ya sehemu 90 katika mia za risasi yote iliyomo mwilini zimo mifupani, na kwa mtoto ni kama 70 katika mia. Katika damu, risasi hupungua kwa nusu kwa muda kama wa mwezi mmoja. Katika mfupa hukaa miaka mingi, kumi, ishirini, hata thelathini. Mtoto aliyeila leo aweza kuwa nayo siku atakapokuwa mzazi.

Siku ya ghala kufunguliwa ndiyo siku ya hatari. Mama akiwa na mimba, au akinyonyesha, au akifikia umri wa kukoma hedhi, mifupa hutoa kalsiamu, na risasi iliyojificha hutoka pamoja nayo. Huingia katika damu, na kutoka katika damu huingia kwa mtoto. Kwa mtoto huharibu ubongo, hupunguza akili ya kusoma, na huzuia ukuaji. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Tena mtoto mdogo hunyonya risasi tumboni mwake mara nne au tano zaidi ya mtu mzima anayemeza kiasi kile kile, na akikosa kalsiamu au chuma katika chakula, huinyonya zaidi.

Kumbuka jambo hilo, mkulima. Mtoto mwenye njaa ya kalsiamu ni ghala tupu lililo wazi, na mwizi huingia kwa urahisi.

YALIYOTOKEA OWINO UHURU

Msidhani haya ni mambo ya nchi za mbali. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa kando ya kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wanakokaa watu kama 3,000. Moshi na maji machafu ya kiwanda viliingia katika makao ya watu. Bibi Phyllis Omido aliajiriwa huko mwaka 2009. Mtoto wake mchanga akaugua, na alipopimwa damu akaonekana ana risasi. Mama aliambiwa kwamba huenda mtoto aliipata katika maziwa yake.

Bibi huyo hakunyamaza. Aliwakusanya majirani, wakaandika barua, wakaandamana, na mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Lakini shilingi haziwezi kuitoa risasi katika mifupa ya mtoto. Ndiyo sababu tunasema kinga ni bora.

RISASI HUINGIAJE BOMANI?

Zamani risasi ilitiwa katika petroli. Kenya iliacha petroli ya namna hiyo mwaka 2006, na hilo lilikuwa jambo jema. Hata hivyo zipo njia nyingine ambazo mkulima anaweza kuzifunga mwenyewe.

Ya kwanza ni betri. Siku hizi nyumba nyingi za skimu zina betri ya gari au ya umeme wa jua. Ikifa, husukumwa kando ya ukuta au kutupwa nyuma ya zizi. Watoto huichezea, na wengine huipasua wapate risasi ya kutengenezea vitu au kuuza. Ng'ombe huilamba kwa sababu ya ladha yake. Ndama aliyelamba risasi huwa kipofu, husaga meno, huzunguka zunguka na kugonga kichwa ukutani, kisha hufa. Usiuze maziwa wala nyama ya mnyama aliyekula risasi. Mwite daktari wa mifugo.

Ya pili ni sufuria za vyuma chakavu. Sufuria nyingi za aluminiamu zinazofuliwa kwa mikono huyeyushwa kutokana na vipande vya magari na vyombo vilivyochanganyika. Mwaka 2014 wachunguzi walipima sufuria za namna hiyo zilizotengenezwa Kameruni, wakaona zinatoa risasi katika chakula, hasa chakula chenye uchachu. Basi usipike nyanya, wala usilaze uji wa kuchachua au maziwa lala, ndani ya sufuria usiyojua ilitokana na nini. Chachusha katika kibuyu, chungu, au chombo cha chuma kisichoshika kutu.

Ya tatu ni rangi kuukuu inayobanduka katika milango na madirisha. Mtoto anayetambaa huokota vipande na kutia kinywani. Ukikwangua rangi ya zamani, iloweshe maji kwanza, watoto wakae mbali, na vumbi lizolewe lote.

Ya nne inawahusu akina mama. Wajawazito wengi hupenda kula udongo na yale mawe laini yauzwayo sokoni, ambayo wengi huyaita odowa. Huo si ujinga. Mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungukiwa na chuma. Lakini mawe hayo hayaleti dawa. Idara za afya za Uingereza zimeonya wajawazito wasile mawe ya jinsi hiyo yatokayo Afrika Magharibi, kwa sababu yalikutwa na risasi. Mama anayetamani odowa aende zahanati apimwe damu na kupewa vidonge vya chuma. Wewe mume, usimcheke, bali umsindikize.

MADINI MENGINE MABAYA

Katika bonde la mto Jinzu, nchini Japani, wakulima walinyweshea mpunga maji yaliyotoka kwenye mgodi. Maji hayo yalikuwa na kadimiamu. Kadimiamu huharibu figo kwanza, kisha figo zilizoharibika hushindwa kuilinda mifupa. Wanawake wazee wa huko walivunjika mifupa kwa kukohoa tu, na ugonjwa wao ukaitwa kwa lugha yao "itai-itai," maana yake "naumia, naumia." Serikali ya Japani ilikubali mwaka 1968 kwamba kadimiamu ndiyo iliyoleta ugonjwa huo.

Kwetu, kadimiamu humfikia mtu hasa kwa moshi wa sigara, na kwa mboga zilizonyweshewa maji ya mitaro ya mji na viwanda. Kwa hiyo usilime mboga kwa maji machafu ya mji, hata kama zinanawiri. Mbolea za fosfeti nazo huwa na kadimiamu kidogo. Tumia kiasi alichokuambia Bwana Shamba, na kama udongo wako una uchachu tia chokaa, kwa sababu mimea katika udongo wenye uchachu hunyonya kadimiamu zaidi.

MAJI YA KISIMA NA MENO YA KAHAWIA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu wa Kajiado hulijua kwa macho. Katika vijiji vingi utaona vijana wenye meno yenye madoa ya kahawia. Wageni husema kwamba hawapigi mswaki. Huo ni uongo, na ni kuwaonea. Madoa hayo yaliingia jino likiwa bado linatengenezwa ndani ya ufizi, mtoto akiwa na umri usiozidi miaka minane hivi, wala hakuna mswaki utakaoyatoa. Yaliletwa na floraidi iliyomo katika maji.

Floraidi si metali, lakini hatuwezi kusema habari za kalsiamu na mifupa bila kuitaja, kwa sababu hushikana na kalsiamu kwa nguvu. Inatoka katika miamba ya volkano ya Bonde la Ufa na nchi za jirani yake. Maji yanayokaa chini sana kwa miaka mingi huiyeyusha kutoka katika miamba hiyo. Mwaka 1986 wataalamu Manji na Kapila walitoa matokeo ya maji ya chini ya ardhi yaliyochukuliwa mahali zaidi ya 1,000 nchini Kenya. Katika kila mahali 100, mahali 61 palikuwa na floraidi zaidi ya miligramu 1 kwa lita, karibu 20 zaidi ya miligramu 5, na 12 zaidi ya miligramu 8.

Kiasi kinachokubaliwa ni miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi kidogo hulinda meno yasioze. Ikizidi, kwanza meno hupata madoa. Mtu akinywa maji yenye miligramu 3 hadi 6 kwa miaka mingi, mifupa huanza kubadilika, na mgongo na viungo vikauma na kukauka. Yakipita miligramu 10, mtu aweza kulemaa, asiweze kuinama wala kugeuza shingo. Na hapa pia, mtoto mwenye upungufu wa kalsiamu ndiye anayeumia zaidi, hata miguu ikapinda.

Floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Maji yanaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakawa nayo. Tena sikiliza vizuri: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa kuchemka, floraidi iliyobaki huwa kali zaidi. Dawa ya klorini nayo haiiondoi.

Jambo la magadi nalo litazamwe. Ziwa Magadi limo katika Kaunti yetu ya Kajiado, na magadi yake yamechimbwa kwa biashara tangu mwaka 1911. Wapishi hutia magadi katika githeri na mboga ngumu ili ziive upesi. Lakini magadi ghafi huwa na floraidi, na chumvi yake nyingi huifanya kalsiamu itoke katika mkojo. Loweka maharagwe na mahindi usiku kucha badala ya kutia magadi. Yataiva, na kuni zitapungua. Chai ya rangi iliyokolea nayo ina floraidi ya majani yake, basi mtoto asipewe chai hiyo mahali pa maziwa.

HESABU YA PAA LA MABATI

Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Mkulima mwenye paa la mabati ana kisima kizuri juu ya kichwa chake. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Tuseme nyumba yako ina urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Hizo ni mita 60 za mraba. Mvua ya mwaka ikiwa milimita 400 tu, paa hilo litapokea lita 24,000. Ondoa sehemu ya tano kwa kumwagika na kusafisha paa, zitabaki lita 19,200.

Jamaa ya watu sita wakitumia lita 5 kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu, watahitaji lita 30 kwa siku. Tangi la lita 5,000 likijaa litawatosha siku 166. Maji ya kisima yatumike kwa kufua, kuoga na kunyweshea miti. Maji ya kwanza ya mvua, yenye vumbi la paa, yamwagwe. Ya kunywa yachemshwe au kutiwa dawa kwa ajili ya vijidudu.

Ikiwa maji ya mvua hayatoshi, changanya. Kisima chenye miligramu 4 kwa lita, debe moja lake likichanganywa na madebe mawili ya maji ya mvua, hushuka mpaka miligramu 1.3, na hayo yanakubalika. Lakini huwezi kupiga hesabu hiyo kama hujui kisima chako kina nini. Maji yapimwe kwanza.

Iko njia nyingine inayofaa watu wa skimu wanaotumia kisima kimoja. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri maalumu lenye hewa kidogo mpaka iwe makaa, husagwa, na maji hupitishwa humo. Kalsiamu ya mfupa huo huishika floraidi na kuyaacha maji yakiwa safi. Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kazi ya namna hiyo mwaka 1998, na nchini Tanzania kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeichunguza pia. Usijaribu kutupa mifupa ghafi katika tangi. Itaoza na kuleta maradhi. Chujio hununuliwa kwa wanaojua kazi, na mkaa wake hubadilishwa kila unapochoka.

Mkinunua maji yaliyosafishwa kwa mashine mjini, mwombeni mwuzaji awaonyeshe karatasi ya kupimwa. Hiyo ni haki yenu.

USIUZE MAZIWA YOTE

Zamani uwanda wa Kitengela ulikuwa malisho ya pamoja, na watoto walikua kwa maziwa. Shamba la jamii la Kitengela liligawanywa kwa wenyewe mwaka 1988, na tangu hapo mashamba yamezidi kukatwa madogo. Mifugo imepungua na ugali umeongezeka. Si kosa la mtu. Lakini mahindi yana kalsiamu kidogo mno, na yana kitu kinachoizuia hata hiyo kidogo isiingie mwilini.

Kikombe kimoja cha maziwa, robo lita, kina miligramu 300 hivi za kalsiamu. Mtoto wa miaka minne hadi sita anahitaji miligramu 600 kwa siku, yaani vikombe viwili vyatosha. Kijana wa miaka 10 hadi 18 anahitaji 1,300, kwa sababu huo ndio wakati wa kujaza ghala. Mtu mzima anahitaji 1,000. Baada ya miaka thelathini hivi ghala halijazwi tena, huanza kupungua pole pole, na mzee hula akiba aliyoweka ujanani.

Gari la maziwa la asubuhi huleta fedha, na fedha zina kazi. Hata hivyo, kabla hujapeleka debe barabarani, pima kwanza vikombe vya watoto na cha mama mwenye mimba. Ukiuza maziwa yote na kununua chai na sukari, umeuza mifupa ya watoto wako kwa bei ya chini.

Asiye na ng'ombe asikate tamaa. Wimbi lina kalsiamu kuliko nafaka zote, kama miligramu 340 katika gramu 100. Uji wa wimbi uliochachushwa ni chakula bora. Omena huliwa pamoja na mifupa yake, na hapo ndipo kalsiamu ilipo. Sukuma wiki hutoa kalsiamu yake kwa urahisi, kuliko spinachi ambayo huishikilia. Maharagwe, njugu na mbegu za malenge huleta magnesiamu na zinki. Mayai na nyama kidogo hujenga nyuzi.

NG'OMBE NAYE ANA GHALA LAKE

Umewahi kumwona ng'ombe akitafuna mfupa malishoni? Usifikiri ana wazimu. Mara nyingi amekosa fosforasi, hasa wakati wa kiangazi nyasi zinapokauka. Huko Afrika Kusini, karne iliyopita, Dakta Arnold Theiler alionyesha kwamba ng'ombe waliotafuna mifupa ya mizoga kwa sababu hiyo walikufa kwa sumu iliyokuwamo katika mizoga. Dawa ni kuwapa chumvi ya madini yenye kalsiamu na fosforasi, na kuichoma au kuizika mizoga. Magadi peke yake hayatoshi kwa ng'ombe wa maziwa.

Ng'ombe wa maziwa mengi akianguka na kushindwa kusimama karibu na siku ya kuzaa, kalsiamu ya damu yake imeshuka ghafula. Mwite daktari wa mifugo saa ile ile. Akipigwa sindano ya kalsiamu mapema, mara nyingi husimama siku hiyo hiyo.

MAMBO YA KUFANYA MWEZI HUU

1. Kamati ya maji ya skimu iulize: kisima chetu kilipimwa lini, na floraidi ni kiasi gani? Kama hakuna karatasi, pelekeni ombi kwa ofisi ya maji ya kaunti. Gharama mkichanga wote ni ndogo.

2. Tafuta betri zilizokufa bomani. Zifungie mahali pasipofikiwa na mtoto wala mnyama, kisha zipeleke kwa mnunuzi mwenye leseni. Usizipasue, wala usiyeyushe risasi nyumbani.

3. Tia mfereji katika paa lako, hata kama tangi ni dogo. Tangi dogo la maji ya kunywa huwafaa watoto kuliko kisima kikubwa chenye floraidi.

4. Acha vikombe vya maziwa nyumbani kila asubuhi.

5. Mtoto wa miguu inayopinda, mama anayetamani odowa, au mzee ambaye mgongo umekauka, aende kituo cha afya. Kama jamaa wamekaa karibu na mahali pa kuyeyusha betri, daktari aombwe damu ipimwe risasi.

Mkulima mwema hafungui ghala siku ya njaa akashangaa kuona kilichomo, maana alijua tangu siku ya kuweka. Mifupa ya mtoto wako inajazwa leo, kwa kikombe anachokunywa na kwa sufuria anayopikiwa. Kesho asubuhi, gari la maziwa litakapopiga honi barabarani, liache lingoje dakika mbili, upime kwanza cha nyumbani.